Maji ya Mkono wa Mgeni

Kabula mwanangu,

Barua huanza kwa kuulizana hali, lakini mimi nimekuona leo asubuhi ukimaliza sahani nzima ya matobolwa, vile viazi vitamu vikavu vya kuchemsha, na vikombe viwili vya chai ya maziwa, kwa hiyo hali yako naijua. Mimi pia mzima. Mgongo unauma kidogo kwa sababu jana nilishinda nimejikunja ndani ya pipa la karasha, ile mashine ya kusaga mawe ya dhahabu, nikichomelea, ila huo si ugonjwa, ndiyo kazi yenyewe.

Wewe na mama yako mmekwenda Ushirombo kumuaga bibi, mkaniachia nyumba, kuku na sufuria ya maharage niliyoambiwa niiangalie isiungue. Naandika huku naiangalia. Mtarudi jioni, na kesho alfajiri basi lako linaondoka kwenda Manyara, kwenye kambi ya mbio. Nikiikosa saa hii, sina nyingine.

Habari za sweta, sabuni na kutokumfungulia mtu begi sizigusi. Mama yako amekwisha kuzisema mara tatu, na mara ya nne atazisema kesho dirishani mwa basi. Mimi nina jambo moja tu. Linahusu zile mbio za Shinyanga, ile nusu marathoni, siku uliyoanguka kilomita ya kumi na saba. Tangu siku hiyo unasema mwili wako unakataa mbio ndefu. Juzi ukamwambia kocha wa kambi kwenye simu akuandike mbio fupi, na habari ya kilomita arobaini na mbili aiache kabisa. Nilikuwa nimekaa pembeni naosha mikono, nasikia kila neno. Nikaendelea kuosha mikono iliyokwisha takata.

Mwili wako haukukataa kitu, Kabula. Mimi ninajua kilichokuangusha, na nimekijua tangu siku ile ile. Nitakueleza chote humu, ila univumilie nizunguke kidogo. Baba kukiri kosa mbele ya mtoto ni kazi, na kazi ngumu mtu huanza kwa kutafuta zana.

Unazikumbuka Jumamosi zetu? Mwalimu wako wa michezo alituandikia ratiba kwenye karatasi ya daftari, mimi nikaibandika ukutani kwa gundi ya matairi, na mpaka leo haijabanduka. Jumamosi mbio ndefu. Wewe mbele, mimi nyuma na baiskeli, dumu la maji la lita tano limefungwa kwenye keria kwa mpira, tunaishika njia ya Buseresere kabla malori hayajaamka kututimulia vumbi. Wale akina mama wa mwaloni wanaosafisha mchanga wa dhahabu walikuwa wakituona tu wanaanza: "Baba Kabula, mtoto wa watu kakuibia nini unamfukuza hivyo?" Nawe unapunga mkono bila kugeuka. Kila kilomita tano nakukabidhi kikombe cha plastiki, unakunywa huku unatembea, unanirudishia, unaondoka.

Siku moja nilijaribu kukimbia nawe, wewe unalijua hilo na umewasimulia watu wengi kuliko ilivyohitajika. Nilifika kwenye daraja la kwanza. Nilisema nimesimama kuangalia mnyororo wa baiskeli, ukaniuliza, "Baba, baiskeli si umeiacha nyumbani?" Sijajibu mpaka leo.

Nikuambie kitu ambacho sijawahi kukitamka. Nimechimba miaka kumi na minne. Nimeshuhudia duara letu, yaani shimo letu la kuchimbia, likitema, tukabeba mawe yenye dhahabu inayoonekana kwa macho, watu wazima tukalia na kukumbatiana. Siku ile nilifurahi sana. Lakini Jumamosi za kwenda Buseresere nilifurahi zaidi, na zilikuwa nyingi, na hazikuniogopesha. Nikiuona tu mgongo wako ukipanda ule mlima wa mwisho, bila haraka, visigino vinarusha vumbi dogo dogo, nilikuwa najisemea huyu ni wangu. Ile siku uliyofikisha kilomita ishirini na nane ukarudi nyumbani ukauliza kama kuna chipsi, mimi niliingia nyuma ya nyumba nikacheka peke yangu.

Nusu marathoni ya Shinyanga iliwekwa kwenye ratiba kama zoezi. Mwalimu alisema wazi: hizi kilomita ishirini na moja hatuendi kushindana, tunaendea ile arobaini na mbili ya miezi minne ijayo. Kilomita kumi na tano za kwanza uzikimbie mwendo wa kuweza kuzungumza, sita za mwisho ukaze uone miguu inasema nini. Kitu ulichokuwa umekifanya njia ya Buseresere mara nyingi tu. Mwalimu hakuwa na wasiwasi, wewe hukuwa na wasiwasi. Aliyekuwa na wasiwasi alikuwa mimi, na hofu yangu haikuwa ya miguu yako.

Ilikuwa ya macho ya watu. Habari ilipoenea hapa kwetu Rwamgasa kwamba mtoto wa fundi anakwenda kukimbia Shinyanga, kila mtu akawa na neno. Dukani wananisifia. Kwenye karasha wananisifia. Yule mwenye mashine ya kusaga ambaye hajanisalimia tangu tugombanie nyaya akanipa mkono, akasema, "Una dhahabu ndani ya nyumba, fundi." Mzazi mwingine angelala usingizi mzuri siku hiyo. Mimi nililala nimekodoa macho. Umekulia huku, unajua mchimbaji alivyo. Akipata kitu hafurahi kwanza, huuliza kwanza nani ameona.

Hapa inabidi nirudi shimoni.

Sisi tulikuwa hatushuki bila sharti. Kila duara lilikuwa na mganga wake, na kila mganga alikuwa na masharti yake. Wengine wanaambiwa wasioge, wengine wasile samaki, wengine wasitaje jina la mtu wakiwa chini. Mwaka uliozaliwa wewe sharti letu lilikuwa hili: tangu unapoamka mpaka unapolipiga jiwe la kwanza, usifungue mdomo kwa mtu yeyote. Sasa bibi yako, huyu mnayemuaga leo, alikuwa amekuja kumlea mama yako baada ya kujifungua. Alfajiri natoka, nakutana naye anatoka bombani na ndoo kichwani. Mkwe wangu! Mtu ambaye natakiwa nimpishe njia, niiname, niulize habari za nyumba, za watoto, za ng'ombe mmoja mmoja. Nilimpita kimya, kichwa chini, kama mwizi wa kuku.

Alitua ndoo. Nilisikia ile ndoo ikitua, mpaka leo naisikia. Jioni nilikuta mzigo wake umefungwa, mama yako analia, wewe unalia, na bibi yako amekaa mlangoni anasema kwa utaratibu kabisa kwamba ameelewa, yeye si mtu mbele ya mkwewe. Nikaitwa kikao, nikatozwa mbuzi, nikapiga magoti. Na lile duara wiki ile lilitoa tope tupu. Wewe ukimuuliza bibi hadithi hii atacheka mpaka ashike ubavu, lakini mwaka mzima alikuwa akinipa ugali bila kuniangalia.

Hiyo ndiyo ya kuchekesha. Iko nyingine, na hiyo uliambiwa uongo.

Baba yako mdogo Lameck hakuteleza kwenye ngazi ya shimo. Tulikuambia hivyo ulipokuwa mdogo ukiuliza kwa nini anatembea amelalia upande mmoja, kisha uongo ukakaa, hakuna aliyeutoa. Ilikuwa hivi. Mganga alitupa dawa akatuzikia kipande chini ya duara, akasema kwa siku saba tusihamishe kitu chochote kilichomo shimoni. Siku ya tatu niliona timba moja, lile gogo la kuzuia ukuta, limepasuka katikati. Niliona kwa macho yangu na tochi yangu. Siku nyingine yoyote tungelitoa tuweke jipya, ni kazi ya nusu saa. Nikamwambia Lameck, naye akaliangalia, akaniuliza, "Tufanyeje?" Mimi ndiye niliyekuwa mkubwa wa zamu. Nikasema, tusubiri, zimebaki siku nne.

Siku ya tano ukuta ulishuka. Tulimtoa akiwa mzima isipokuwa mguu. Nilimbeba mgongoni mpaka barabarani nikiwa naahidi mambo kwa sauti, kwamba sitalisikiliza tena sharti lisiloangalia gogo. Niliacha kuchimba baada ya hapo, nikajifunza kuchomelea. Lameck hajanilaumu hata siku moja. Akiulizwa kuhusu mguu anasema mmoja umetangulia kustaafu. Mimi nikacheka naye miaka yote hii, nikadhani nimepona.

Sikuwa nimepona. Wiki moja kabla ya Shinyanga nilipanda pikipiki nikaenda kwa mzee mmoja nyuma ya vilima, sitamtaja. Na usimfikirie vibaya. Majani yake ndiyo yanayomtuliza bibi yako mzaa baba goti, mimi mwenyewe nilimtibu nayo. Nilimweleza habari zako. Akanisikiliza, akasema mtoto huyu anaangaliwa sana, akanipa unga kidogo kwenye kitambaa chekundu nikauweke kwenye kiatu chako cha kulia. Kisha akasema: "Siku ya mbio asipokee kitu kwenye mkono wa mtu asiyemjua. Hata maji."

Niliposikia hilo la mwisho nilijua kabisa, Kabula. Nimewahi kuona mbio, najua meza za maji zinakaa wapi na wanaogawa ni akina nani. Wote ni wageni. Kumwambia mkimbiaji asipokee maji ya mkono wa mgeni ni kumwambia asinywe. Nilijua, nikarudi nyumbani, na ulipokuwa kisimani nikakitoa kile kisoli cha ndani ya kiatu, nikakiweka kitambaa, nikarudisha na gundi.

Halafu nikatafuta namna ya kukuzuia maji bila kukuambia. Unakumbuka tulivyokuwa tukianika mahindi, nikasema nimesikia redioni makocha wa siku hizi hawataki maji ya njiani, yanapigapiga tumboni, mtu anywe kabla ya kuanza, basi, mpaka mwisho. Redio yangu haina betri tangu Pasaka.

Ukaniuliza, "Mbona Buseresere nakunywa?"

"Buseresere ni mazoezi."

"Na Shinyanga si mazoezi?"

"Ni mazoezi yenye watu," nikasema.

Ulicheka. Ukasema haya baba. Hukuuliza tena, kwa sababu dumu la maji la Jumamosi zote lilikuwa mikononi mwangu, na mtu aliyekubebea maji huwezi kudhani atakunyima.

Hapo nimesimama kidogo kuongeza maji kwenye maharage, yalikuwa yameanza kushika chini. Nimerudi.

Ya siku yenyewe unayajua, ila nikuambie yalivyokuwa upande wangu. Tuliambiwa mbio zinaanza saa kumi na mbili na nusu. Mgeni rasmi alifika saa mbili kasorobo, akasalimia, akahutubia, akapiga picha na viongozi, akapiga picha na wakimbiaji, ndipo akapewa bendera. Jua la Shinyanga halimsubiri mgeni rasmi. Mlipoachiwa lami ilikuwa tayari inameremeta, nami nikahesabu moyoni: saa mbili na nusu, bila maji, mpaka saa nne na ushee. Nilikuwa na nafasi ya kukufuata pale kwenye kamba nikakwambia, Kabula, kunywa. Ulikuwa hatua kumi kutoka kwangu. Ulikuwa umeinama unashika kiatu, ukaniita, "Baba, kuna kitu kinanichoma chini ya mguu wa kulia."

Nikakujibu soksi imejikunja.

Ukavuta soksi, ukaniamini mara ya pili.

Wakaondoka watu, mimi nikaenda kusimama mwisho. Saa nzima ikapita, na nusu nyingine, wakaanza kuingia. Nilimwona msichana mliyekuwa mkicheka naye pale mwanzo akaingia. Nikaona wazee wawili wakaingia. Kijana wa Kahama aliyekuwa amevaa jezi ya mpira akaingia anachechemea. Nikatoka kivulini nikasogea mpaka kwenye kamba.

Habari za kilomita ya kumi na saba ulinieleza mwenyewe, na kila ulipozieleza nilikuwa natazama chini. Kwamba ulipita meza tatu za maji, vijana wananyoosha chupa, unatikisa kichwa. Kwamba mwendo ulikuwa ule ule wa Buseresere, pumzi nzuri, halafu jasho likakauka ghafla ukasikia baridi ndani ya jua. Kwamba barabara ilianza kuinama upande. Ulikaa chini pembeni ukajiambia unapumzika kidogo, na ulipofumbua macho kulikuwa na mama muuza karanga za kuchemsha amekuinamia na dumu lake, anakumwagia maji kichwani, anakushika kidevu. Ulimwambia baba amekataza. Hilo ndilo linaloniamsha usingizini. Ulikuwa umelala kwenye vumbi, na bado ulimwambia baba amekataza.

Naye akakuambia, "Nywa kwanza, ng'wanone, mwanangu. Huko mnakokwenda hakuhami."

Ukanywa. Ukakaa kidogo, ukanywa tena, ukasimama. Kilomita nne zilizobaki ukazimaliza, nyingine unatembea, nyingine unakimbia, na mita mia mbili za mwisho ulikimbia kweli kweli, nilikuona.

Sasa nakuambia neno ambalo ningeweza kulificha mpaka kaburini na hakuna ambaye angelijua. Ulipovuka mstari, jezi imelowa maji ya dumu, midomo imepasuka, ukaniangukia begani, wazo langu la kwanza halikuwa ashukuriwe Mungu. Nilishika ile jezi mbichi nikawaza: amevunja sharti. Mwanangu anatetemeka mikononi mwangu, na mimi nawaza sharti. Wazo hilo lilikaa muda wa kuvuta pumzi moja tu, kisha nikaona nilichokifanya, nikahisi haya ambayo sijawahi kuihisi, hata siku ya Lameck.

Pale pale yule kocha wa kambi, aliyekuwa amekuja kutazama mbio, akatokea na kofia yake, akauliza, "Huyu aliyeanguka akainuka ni wa nani?" Nikajibu kwa sauti, "Ni wangu." Nilijivuna, Kabula. Nilikuwa nakustahi na kujionea aibu kwa wakati mmoja, sijui kama kuna neno la hali hiyo.

Usiku ule ulipolala nikakichokonoa kiatu, nikakitoa kitambaa, nikakitupa chooni. Kilikuwa kimekutengenezea lengelenge la ukubwa wa shilingi. Asubuhi ukaniambia, kwa ile sauti yako ya kunionea huruma mimi, "Baba, nadhani mwili wangu ni wa mbio fupi. Mazoezini naweza, lakini wakiwepo watu nguvu zinaniishia." Na mimi, mtu mzima mwenye ndevu, nikasema, "Tutaona." Wiki tatu hizi nimesema tutaona kwa kila kitu.

Sababu ya kuandika leo ni Lameck. Juzi, baada ya kukusikia kwenye simu na kocha, nilikwenda kibandani kwake nikamsimulia. Nilianza kwa kuchekesha, ile ya redio isiyo na betri, nikijua atacheka. Alicheka. Nilipofika kwenye meza za maji akaacha. Aliweka chini kiatu alichokuwa anakishona, akasema:

"Baba Kabula, mimi lile sharti la gogo nililisikia na masikio yangu, nikalikubali kwa mdomo wangu. Mguu huu tuliuweka rehani wote wawili. Mtoto nani alimuuliza?"

Akaendelea kushona. Nilipoondoka akaniita akasema, "Na anaondoka lini?"

Basi mwanangu, ukweli ndio huo. Hukuishiwa nguvu kwa sababu ya watu. Ulikimbia kilomita kumi na saba juani, bila tone la maji, una kitambaa kinachokuchubua kiatuni, kwa mwendo ule ule uliopangiwa. Mimi si kocha, lakini nimeendesha baiskeli nyuma yako vya kutosha kujua kwamba mwili uliofanya hivyo haujakataa chochote. Ulioanguka kule Shinyanga ulikuwa uoga wangu, wewe ulikuwa umeubeba tu.

Namba ya kocha ninayo. Tangu juzi nimeishika simu mara nyingi nimpigie, nimweleze, nimwombe akurudishe kwenye mbio ndefu. Sikupiga. Nikifanya hivyo nitakuwa nimetia mkono tena kwenye kiatu chako bila kukuuliza. Wewe ndiye utakayemwambia, au hutamwambia. Kama unazitaka mbio fupi kwa kuwa unazipenda, zikimbie, nitanunua betri za redio nikusikilize. Ninachokuomba tu usizichague kwa sababu ya uongo niliokulisha mimi.

Kambini watakupa masharti mengi, nasikia. Saa za kulala, chakula, siku za kupumzika, hata namna ya kupumua. Mengi yatakuwa ya maana kuliko yangu. Wewe uliza tu kila moja linafanya kazi gani. Wakikujibu, shika. Wakikasirika kwa kuulizwa, kumbuka nami nilikuwa na jibu la haraka siku ile tukianika mahindi. Na kitu kikikuchoma kiatuni, vua uangalie mwenyewe, hata kama anayekuambia ni soksi ni mtu unayempenda.

Yule mama wa karanga sikumtafuta kumshukuru. Ningeweza, tulikaa Shinyanga mpaka saa tisa. Nilimwonea aibu, kwa kuwa alikufanyia kwa dakika mbili kazi iliyokuwa yangu. Mwezi ujao nina kazi ya kuchomelea kule, nitashuka pale nimuulizie. Sina jina lake, lakini wauza karanga wanajuana.

Mama yako hajui haya. Nitamwambia leo, baada yako. Atanitoa nje, najua, na mbuzi wa safari hii sijui atakuwa wa ukubwa gani.

Kabula, mimi ni mtu mwenye furaha siku hizi. Usije ukasoma barua hii ukadhani baba yako anakaa gizani anajipiga kifua. Nina kazi ninayoiweza, nina mke anayenicheka, na nina binti ambaye watu waliokuja kutazama mbio walimwona amelala chini, wakamtaka yeye badala ya waliokuwa wamesimama. Kukuona unaondoka kunaniuma, na wakati huo huo kunanifurahisha sana, mpaka asubuhi nimesahau miwani kwenye banda la kuku. Nilichoshindwa kuvumilia ni wewe kwenda na picha mbaya ya mwili wako, nami ndiye niliyeichora.

Nilikuwa nimepanga kuikunja barua hii niifiche chini ya begi lako, uikute Manyara, wewe ukiwa mbali na mimi nikiwa salama. Nilikwisha kufungua zipu. Ndipo nikaona nafanya nini. Nimeshakufichia vya kutosha ndani ya vitu vyako.

Nasikia pikipiki inakata kona, nadhani ni ninyi. Nitakupa mkononi, kabla hujavua hata viatu, kungali na mwanga na basi halijaja, ili kama una la kunijibu nilisikie kwa masikio yangu, si kwa simu. Sitaingia ndani wala sitajifanya naangalia mnyororo. Unapofika kwenye mstari huu mimi nimekaa hapa mbele yako kwenye ile stuli ya kuchomelea, nakungoja, na sijui utasema nini.

Inua macho, mwanangu.

Baba yako